Piano ya kompyuta inakwaruza ukikanyaga pedali: angalia haya kabla ya kununua prosesa mpya

Mkuu, umesema una laptopu ya EliteBook 840 G3 ya mtumba yenye prosesa ya i5-6300U ya GHz 2.4, unapigia Pianoteq (programu ya piano), na sauti inakwaruza kila ukikanyaga pedali, ilhali Task Manager inaonyesha prosesa iko asilimia 40 tu. Unauliza kama utafute yenye i7. Shika hela yako kwanza.

Hiyo asilimia 40 ndiyo inayowapoteza wengi. Ni wastani wa kore zote (vitengo vya hesabu ndani ya prosesa) kwa takriban sekunde nzima, na programu ya piano haipewi sekunde nzima. Kadi ya sauti inadai sampuli (namba zinazojenga sauti) kwa mafungu madogo, na kila fungu lina saa yake. Ukiweka bafa (ukubwa wa fungu) ya sampuli 128 kwenye kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde (48,000 Hz), mafungu ni 375 kwa sekunde, kila moja lina milisekunde 2.7. Ndani ya muda huo hesabu ya kila noti inayolia iwe imekwisha. Yakiwahi 374 na moja likachelewa, kadi inakosa cha kutoa na wewe unasikia "tk". Prosesa inaweza kupumzika muda mwingi na bado ikachelewa pale inapobanwa.

Kwa nini pedali? Pianoteq haichezi rekodi. Inakokotoa mtetemo wa nyuzi papo hapo, ndiyo maana programu nzima ni makumi ya megabaiti tu. Bila pedali, ukiachia kitufe noti inazimwa na hesabu yake inaondoka. Ukikanyaga, noti za zamani zinabaki zikilia chini ya mpya, za besi zikidumu zaidi, na nyuzi nyingine zinaitikia. Apejio (noti za kodi zinazopigwa moja baada ya nyingine) chache za mikono miwili zinatosha kufikisha noti 40 au 50 kwa pamoja.

Sasa GHz zenyewe. Hiyo 2.4 ni kasi ya msingi, na i5-6300U hupanda hadi 3.0. i5-8250U imeandikwa 1.6, lakini hupanda hadi 3.4 na ina kore 4 badala ya 2. Anayenunua kwa kusoma stika ataiacha iliyo bora. Na hiyo i7 unayoiwazia, kama ni i7-6600U ya kizazi hichohicho, nayo ni kore 2, inafika 3.4. Nafuu ipo, ila ndogo kuliko bei. Kuibadilisha ndani ya mashine yako usahau, prosesa hizi zimelehemewa kwenye ubao.

Kipimo cha kwanza: fungua Task Manager, sehemu ya CPU, utazame mstari wa "Speed" huku unapiga na pedali chini. Unatakiwa kuona kati ya 2.8 na 3.0. Ukiona 2.4 imeganda, au chini ya hapo, prosesa yako haikimbii inavyoweza, na hapo ndipo mashine nyingi za mtumba zinakwamia. Sababu ni hizi ninazokutana nazo mara nyingi. Mtu anapigia betri, au chaja yenye wati pungufu. Mpango wa umeme wa Windows uko kwenye kubana matumizi, wakati ulitakiwa uwe "High performance". Au mwenye mashine wa zamani aliweka "Maximum processor state" asilimia 99 ili isipate joto. Hiyo asilimia moja tu inazima kasi ya kupanda yote. Irudishe 100.

Ikiwa hayo yako sawa na kasi inaanza vizuri kisha inashuka baada ya dakika tano au kumi, ni joto. Weka HWiNFO, programu ya kusoma joto la prosesa, uangalie. Prosesa hii ina kikomo cha nyuzijoto 100, na ikikaribia hapo inajipunguza yenyewe. Fungua mfuniko wa chini, toa vumbi kwenye feni na mapezi ya shaba, paka grisi mpya ya joto. Kazi ya nusu saa.

Baada ya hapo nenda kwenye draiva. Tumia ASIO, aina ya draiva inayopunguza kuchelewa kwa sauti, ya kadi yako ya sauti. Kama unatumia spika za laptopu, ASIO4ALL. Weka bafa 256: ni milisekunde 5.3, na prosesa inapata muda mara mbili. Usiogope kuchelewa huko, maana sauti husafiri karibu mita 1.8 kwa muda huo, sawa na kukaa hatua mbili kutoka kwenye piano. 512, yaani 10.7, wengi wanaanza kuihisi vidoleni.

Ndani ya Pianoteq, kwenye "Options", kichupo cha "Perf", toa polifonia (idadi ya juu ya noti zinazolia pamoja) kwenye otomatiki uweke 64, ikikataa 48. Kisha shusha kasi ya ndani ya sampuli. Kwenye 32,000 bado unapata sauti hadi 16,000 Hz, na kitufe cha mwisho kabisa cha piano kina msingi wa 4,186 Hz. Tofauti ni ndogo, mng'ao wa juu kidogo tu.

Ikikwaruza hata kwa noti tatu, tatizo si nguvu. Endesha LatencyMon, programu inayoonyesha draiva inayochelewesha mashine; ikitaja ndis.sys, ambayo ni ya mtandao, zima Wi-Fi unapopiga.

RAM usiongeze kwa ajili ya hii, haitasaidia. RAM na SSD ni za piano za rekodi kama Salamander, iliyorekodiwa kutoka piano ya Yamaha C5 kwa tabaka 16 za nguvu ya mguso. Huko prosesa inapumua, diski ndiyo inayochelewa.

Ukifanya yote hayo na Speed iko 3.0 lakini bado inakatika kwa bafa 256 na noti 48, basi tafuta mashine yenye i5-8250U au 8350U. Tuwekee namba ulizopata.