Jibu: Ofisini MySQL inakubali, nyumbani kwa hotspoti inagoma (ERROR 2003)

Mkuu mleta mada, pole. Nimepitia majibu ya juu: mmoja anakuambia ubadilishe nywila, mwingine ufute MySQL (programu ya kutunza kanzidata) usakinishe upya. Yaache yote mawili kwanza. Umesema ukiwa ofisini Posta, hapa Dar, unaingia bila shida kwenye kanzidata iliyoko kwenye seva mnayokodi Ujerumani, ila ukifika Tabata, laptopu ileile kwa hotspoti ya simu, amri ileile inaganda weee, halafu inaleta ERROR 2003 na 110 kwenye mabano mwishoni. Hiyo 110 ndiyo ya kushika.

2003 yenyewe inasema tu kwamba hujafika. Sababu iko kwenye namba ya mwisho. Ukiona 110, umepiga simu imeita mpaka imekata: pakiti (vipande vya data) zimetoka na hakuna kilichorudi. Ukiona 111, umekatiwa papo hapo, maana yake mashine umeifikia lakini kwenye poti uliyoiomba (mlango wenye namba, MySQL kwa kawaida hutumia 3306) hakuna programu inayosikiliza, au kuna faiawoli (kichujio cha mtandao) iliyowekwa ikatae waziwazi. Kwa Windows namba hizo ni 10060 na 10061. Kote huko nywila yako haijaangaliwa na mtu. Nywila ikiwa mbovu unapata 1045, na 1045 kwangu huwa habari njema kwa sababu tayari unaongea na MySQL yenyewe.

Sasa, ofisini inakubali na nyumbani haikubali. Nina karibu uhakika aliyewawekea seva aliruhusu anwani ya IP ya ofisi peke yake kwenye faiawoli, na alifanya vizuri. Hakikisha hivi ukiwa nyumbani kwa nc, amri inayojaribu kama poti inafikika (22 ni poti ya SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali):

nc -zv 203.0.113.25 3306
nc -zv 203.0.113.25 22

(Hiyo IP ni ya mfano, weka yenu.) Kama 22 inajibu na 3306 inaganda, intaneti yako inafanya kazi na seva iko hewani, kinachozuiwa ni 3306 tu. Usitumie ping (amri ya kuuliza kama mashine iko hewani) kupima jambo hili. Kuna kampuni moja ya kukodisha seva iliwahi kutuzungusha na jibu la "ping inajibu, tatizo liko kwenu", wakati faiawoli yao ya nje ndiyo iliyokuwa inameza kila kitu cha 3306. Ping inaweza kujibu huku poti imefungwa, na inaweza kunyamaza huku poti iko wazi.

Kilichomaliza ule ubishi ni tcpdump, amri inayoonyesha pakiti zinazofika na kutoka kwenye mashine. Ukiwa umeingia kwenye seva kwa SSH, andika:

sudo tcpdump -ni any port 3306

Iache ikiwa wazi, kisha jaribu kuunganisha kutoka kwenye laptopu. Ukiona mistari yenye Flags [S] (ombi la kuunganisha) inajirudia kutoka anwani yako na hakuna [S.] (jibu la kukubali) inayorudi, pakiti zinafika kwenye mashine ila faiawoli ya hapohapo, mara nyingi ufw (ile ya Ubuntu), inazitupa. Ukiona kimya kabisa, zinazuiwa kabla ya kufika: ni faiawoli ya nje ya mwenye seva, au ni mtandao unaotumia wewe. Wi-Fi za hoteli na baadhi ya ofisi hufunga poti za kutoka pia, kwa hiyo usimlaumu mwenye seva kabla hujajaribu mtandao mwingine.

Kama ungekuwa na 111, ningekupeleka kwingine kabisa. MySQL ya Ubuntu huja na bind-address = 127.0.0.1 kwenye /etc/mysql/mysql.conf.d/mysqld.cnf, yaani inasikiliza watu wa ndani tu. Amri ya sudo ss -tlnp inaonyesha: ukikuta 127.0.0.1:3306, ni hiyo. Kwako sio, ofisini unaingia.

Najua utashawishika uongeze IP ya hotspoti kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Kwa simu haisaidii. Mitandao yetu ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na anwani hiyo hubadilika. Leo utaiongeza, kesho umezima data ukawasha, imekuwa nyingine, na ile ya jana umewaachia watu usiowajua. Halafu kuna wanaosema fungua 3306 kwa dunia nzima na mtumiaji awe '%', yaani aruhusiwe kutoka popote. Mimi natunza kanzidata za maduka ya jumla Kariakoo, na mteja mmoja alifunguliwa hivyo na fundi aliyenitangulia. Logi ilikuwa imejaa majaribio ya kuingia kama root (msimamizi mkuu) kutoka kila kona. Sikubaliani na ushauri huo hata kidogo.

Tumia handaki la SSH. Poti 3306 inabaki imefungwa, wewe unapitia 22:

ssh -N -L 3307:127.0.0.1:3306 mtumiaji@203.0.113.25

Hiyo 3307 ni poti ya laptopu yako, handaki linaipeleka mpaka 3306 ya seva. Dirisha hilo liache wazi, fungua jingine (ripoti ni jina la mfano la mtumiaji wa MySQL):

mysql -h 127.0.0.1 -P 3307 -u ripoti -p

Hapa kuna mitego ambayo naona watu wanaingia kila siku. P kubwa ni poti, p ndogo ni nywila. Ukiandika -p3307, umeiambia nywila yako ni 3307 na imekwenda poti ya kawaida. Ukiandika -p halafu nafasi halafu neno, neno hilo linachukuliwa kuwa jina la kanzidata. Iache -p peke yake, itakuuliza nywila, na haitabaki kwenye historia ya amri.

Wa pili ni mbaya zaidi: usiandike localhost badala ya 127.0.0.1. Kwenye Linux, mysql ikiona localhost haipiti kwenye poti kabisa, inakwenda kwenye faili la soketi la laptopu yako, njia ya programu za mashine moja kuongea zenyewe kwa zenyewe. Kama huna MySQL kwenye laptopu utapata ERROR 2002 na utashangaa. Kama unayo, utaingia kwenye kanzidata yako mwenyewe ukidhani uko Ujerumani, na hapo DELETE (amri ya kufuta) yoyote ni bahati nasibu. Ukishaingia andika SELECT @@hostname; (pamoja na hiyo nukta mkato), itakuonyesha jina la mashine uliyopo. Usome jina kabla ya kugusa kitu.

Ukipita handaki ukakutana na 1045, soma jina lote kwenye ujumbe, mfano 'ripoti'@'localhost'. MySQL inamtambua mtu kwa jina pamoja na mahali anapotokea. Ofisini ulionekana unatoka IP ya ofisi, kwenye handaki unaonekana unatoka ndani ya seva. Hizo ni akaunti mbili tofauti na kila moja ina nywila yake, kwa hiyo mwambie msimamizi akutengenezee hiyo ya pili, yenye ruhusa ya kusoma tu kama kazi yako ni ripoti.

Kwa hotspoti ongeza -o ServerAliveInterval=60 kwenye amri ya ssh, maana mitandao ya simu hukata muunganisho uliokaa kimya. Mtu akikuambia upandishe wait_timeout ya MySQL (muda inaovumilia ukimya kabla ya kukata), mwambie kiwango chake cha kawaida ni sekunde 28800, saa nane nzima. Ukikatika umeenda tu kuchemsha chai, haihusiki.

Ikigoma bado, bandika hapa matokeo ya zile nc mbili na mistari michache ya tcpdump. Futa IP na majina ya watumiaji kwanza, humu tunasoma wengi.