Keneli mpya haifanyi kazi mpaka uwashe upya

Ndugu yangu, umeuliza mbona seva ya saiba yenu hapo Mkomani bado inaonyesha keneli (kiini cha mfumo wa Linux) ya zamani ilhali umeshasasisha. Mpya imekaa kwenye diski tu. Inayoendesha mashine ni ile ile iliyo kwenye kumbukumbu. Izime uiwashe, kisha andika amri ya uname -r, inayotaja keneli inayofanya kazi, uhakikishe.

Usiichelewe, tafadhali. Tundu la usalama la keneli liitwalo Dirty Pipe, la 2022, lilimwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika juu ya faili aliyoruhusiwa kuisoma tu, hadi akawa msimamizi mkuu. Dirty COW nalo lilijificha ndani ya Linux tangu 2007, likazibwa 2016! Na kwenu kila mteja anashika kibodi. Fanya leo baada ya Isha, wateja wakishaondoka.