Kriketi sio ya Wahindi kwa asili

Hapana ndugu unayesema kriketi, huu mchezo wa gongo na mpira, ni wa Wahindi, asili yake sio Wahindi, ni Uingereza. Kuna kesi ya kugombania kiwanja huko Guildford, imeandikwa mwaka 1597 (kwa kalenda ya sasa 1598), mzee wa karibu miaka 60 alikula kiapo mahkamani kwamba alipokuwa skuli wakicheza kriketi palepale, yani kama 1550 hivi. Wahindi wameushika baadae sana, na wa mwanzo ni Maparsi (Wahindi wenye asili ya Uajemi) wa Bombay, siku hizi Mumbai, kabila lake yule mwimbaji Freddie Mercury aliyezaliwa hapa Unguja, wao walifungua klabu 1848 na ilipofika 1886 wakapanda meli kwenda kucheza Uingereza kwenyewe. Na jamii ilivyokuwa ndo mchezo ulivyokuwa, mashindano makubwa ya Bombay timu zilipangwa kwa dini na asili, Wazungu mbali, Maparsi mbali, Mabaniani (Wahindu) mbali, Waislamu nao wakaingia 1912, Gandhi akaja kuyapinga waziwazi na yakafa 1946, kabla India haijagaiwa.

Ila ukisema hapa mjini Wahindi ndo waliushikilia zaidi uko sawa, maana pale Mnazi Mmoja walicheza maofisa wa Kiingereza na hao Wahindi na Magoa (watu wa asili ya Goa, India), na siye watoto tulikuwa tunawaangalia alafu jioni tunachonga upongoo wa mnazi unakuwa gongo, stampu, yani vile vijiti vya kulengwa na mpira, tunapanga makopo. Lakini kuushikilia mchezo na kuuanzisha ni mambo mawili.