Mnaokwenda Japani kufanya intanishipu ya grafiki, onyesheni kazi ikiwa bado mbichi

Wadogo zangu, wengi mnaniuliza potifolio, yani mkusanyo wa kazi zako, iweje, nitafika huko, ila naanza na hili maana ndilo lililoniumiza. Kwetu bosi akikupa kazi unajifungia nayo, unaibuka siku ya tatu na kitu kimekamilika ili aone unajiweza. Japani ukipotea hivyo siku tatu wanaingiwa na wasiwasi. Wana neno wanaita horenso, limeshonwa kwa vipande vya maneno matatu, hokoku yani kuripoti, renraku kupeana taarifa na sodan kuomba ushauri, na likitamkwa linafanana na jina la mboga ya spinachi kwa hiyo ukilisikia mara moja halikutoki kichwani.

Mi nililisikia wiki ya kwanza nikaitikia tu. Nilikuwa Osaka, ofisi ndogo ya dizaini, nikapewa kipeperushi cha tamasha la kiangazi. Picha ilikuwa ya dada kavaa yukata, ile kimono nyepesi ya pamba, na alikuwa anatazama nje ya ukurasa, nikaona atapendeza zaidi akiyatazama maandishi basi nikaigeuza kushoto kulia, kubofya mara moja tu, halafu nikakaa siku mbili nzima nahangaika na rangi bila kumwonyesha mtu. Senpai wangu, yani aliyenitangulia kazini, alipoiona alinyamaza, akavuta hewa kwenye meno, ssss, akasema "chotto..." akaweka kidole kwenye kola ya yule dada.

Kimono na yukata upande wa kushoto wa mvaaji ndio unalala juu, ukimtazama kwa mbele kola inachora herufi y ndogo. Ukigeuza picha, upande wa kulia ndio unakuja juu, na hivyo ndivyo anavyovalishwa marehemu. Yani nilimvisha yule dada sanda kwenye tangazo la sherehe! Mwili ulikufa ganzi. Na ningemwita senpai saa ya kwanza tu, na mchoro wa penseli, angeniambia palepale yakaisha.

Hiyo "chotto" nayo ishikeni. Maana yake ni "kidogo", lakini mtu akisema chotto halafu akaiacha sentensi inaning'inia, au akasema chotto muzukashii, ni ngumu kidogo, hapo umeshaambiwa hapana. Na "hai" mara nyingi ni "nakusikia", usiende kuchapa kwa sababu ya hai.

Upande wa maandishi jiandaeni, hapa ndipo kuna shule yenyewe. Kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, za matumizi ya kawaida ni 2,136, bado hiragana na katakana, herufi zao za sauti, maneno hayaachiwi nafasi kati yake, na yakipangwa wima mistari inaanzia kulia kwenda kushoto, kitabu kinafunguliwa kwa upande wetu wa nyuma kama msahafu. Nukta au koma haikai mwanzo wa mstari, wana sheria zake zinaitwa kinsoku, na atakayekuonyesha iliyokosewa ni senpai huyohuyo kwa hiyo mpelekee ukurasa mmoja kabla hujapanga ishirini. Vipimo pia: kadi ya biashara ni milimita 91 kwa 55, na karatasi ya saizi ya B5 yao ni 182 kwa 257 wakati ile ya kimataifa ni 176 kwa 250, ukifungua faili bila kuangalia umekosea tangu mwanzo. Zile alama za kukatia karatasi wanaziita tombo, yani kereng'ende, na rangi lazima ivuke mstari wa kukata kwa milimita 3.

Kama uko na viza ya mwanafunzi na intanishipu inalipa, omba kibali kwanza, na mwisho ni saa 28 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Hilo halina mjadala.

Ukipata siku ya kwenda Tokyo pita Ginza Graphic Gallery, kuingia ni bure. Na litafuteni bango la mbunifu wa grafiki Kamekura Yusaku la Olimpiki ya Tokyo ya 1964, duara jekundu kubwa, chini yake pete tano na maandishi ya dhahabu, basi, kwingine kote peupe. Mi nilikuwa naogopa nafasi tupu, bango lile ndilo lililonitoa woga.

Sasa potifolio. Msijaze vitu vya kufanana na vya kwao. Mi niliweka kanga, nikaeleza pindo, mji na jina, nikawaambia kuna kanga za bibi zetu zilichapwa hukohuko Japani zikaja kuuzwa pwani, usaili mzima ukageuka kuwa maongezi. Bebeni kanga yenyewe, siyo picha yake, maana kitu cha kwanza walichofanya ni kuipokea kwa mikono miwili na kuigeuza upande wa pili waone rangi imepenya kiasi gani.