Mpole wa namna gani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sekondari huku Muheza. Mwanafunzi wangu wa zamani anaomba nafasi ya kusoma nje ya nchi, naye kaniomba nimwandikie barua ya kumtambulisha kwa Kiingereza. Nataka kusema ni binti mpole, mwerevu na asiyekata tamaa. Kwenye kamusi nimepata "meek", "cunning" na "stubborn". Mwenzangu ofisini kaisoma akaguna, ila hakuweza kunionyesha kosa liko wapi. Barua inatakiwa Ijumaa.
Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako aliguna kwa haki. Barua hiyo usiitume kwanza.

Nianze na "cunning". Ni akili, kweli, lakini ni ile akili ya sungura wa hadithi zetu, ya kumzunguka mwenzake hadi amwache mdomo wazi. Kama binti anashika somo upesi, andika "bright". Kama ni mtu wa kupata njia hata maabara ikiwa haina vifaa, andika "resourceful". Na "stubborn" ni mkaidi, mtu anayeambiwa na hasikii. Asiyekata tamaa ni "determined", au "persistent" kama unataka kuonyesha kwamba alijaribu, akashindwa, akarudi tena.

Neno lililonikalisha chini ni "mpole". Sisi tunalitumia kwa mtu asiyepandisha sauti, kwa asiyekasirika upesi, kwa mwenye huruma, na kwa mtoto asiyemsumbua mama. Hata rafiki akija kanyong'onyea tunamuuliza, mbona mpole leo? Kiingereza hakina neno moja la kubeba mzigo wote huo. Mwenye moyo na mikono isiyoumiza ni "gentle". Wa sauti ya taratibu ni "soft-spoken". Asiyepandwa na hasira ni "even-tempered". Asiyejifungua kwa watu asiowazoea ni "reserved". Na yule wa mbona mpole leo ni "subdued", ambaye kesho atakuwa mwingine kabisa.

Najua "meek" umeitoa wapi. Mathayo 5:5, heri wenye upole, maana hao watairithi nchi; Biblia ya Kiingereza ya zamani inasema "the meek". Pale neno lina heshima yake. Kwenye barua ya leo msomaji ataona mtu anayekanyagwa na kunyamaza, na atajiuliza kama binti huyu ataweza kuishi peke yake ugenini.

Kwa hiyo weka kamusi pembeni kwa dakika kumi, ujiulize umemwona akifanya nini. Kama aliwahi kukaa kitandani na mtoto wa kidato cha kwanza aliyelia usiku wa kwanza bwenini, akakaa mpaka akalala, andika tukio hilo kwa sentensi mbili za Kiingereza chepesi, ndipo uweke "gentle". Tukio litalilinda neno lisieleweke vibaya.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka 1987 nilikuwa Songea, na tulikuwa na mwalimu mwenzetu kutoka Marekani. Mama yake alikuja kumtembelea. Siku ya pili tu alishavua viatu, kakaa nasi mkekani anamenya mihogo, akawa kama mtu wa nyumbani. Alipokuwa anaondoka nikamwandikia kadi, na kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote nikamwita "a homely woman". Sisi tulisomeshwa Kiingereza cha Uingereza, ambako "homely" ni chenye utulivu wa nyumbani. Marekani, ukimwita mtu hivyo, umesema hana sura. Niliona binti anaisoma kadi juu ya bega la mama yake, halafu anaikunja polepole bila kusema neno. Alinieleza kesho yake, mama akiwa ameshapanda basi. Nilichotaka kusema ni "warm", neno la herufi nne ambalo nililijua tangu darasa la tano.

SWALI: Mwalimu, je, ni sawa kumwita rafiki yangu wa kike wa ofisini "my girlfriend"? Mimi ni mwanamume, nina mchumba.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Si sawa, na mchumba wako akisikia utakuwa na maelezo marefu. Sema "a friend of mine". Kama mnafanya kazi pamoja tu, ni "colleague". Kama mnasalimiana basi, ni "acquaintance". Mchumba wako ni "fiancée", kwa e mbili mwishoni; wewe kwake ni "fiancé", kwa e moja. Kwa masikio ni neno lilelile.

SWALI: Naishi Leicester, Uingereza. Mama mdogo, aliyenilea tangu mama alipofariki, alilazwa hospitali. Muuguzi akaniuliza huyu ni nani kwako. Nikasema "my small mother". Akaandika "mother". Kisha akaona tumepishana miaka 9 tu, akanitazama kama namdanganya. "Aunt" naona inamfanya kuwa mtu wa mbali. Nisemeje?
Msomaji, Leicester

JIBU: Pole kwa kuuguza, mwanangu, na Mungu ampe nafuu.

Hujakosea kuona "aunt" haimtoshi. Neno hilo limetoka Kilatini kupitia Kifaransa, na kule Kilatini, "amita", lilikuwa dada wa baba peke yake. Yaani kwa asili yake "aunt" ni shangazi! "Uncle" nalo limetoka kwa "avunculus", kaka wa mama, mjomba kamili kabisa. Waingereza wa kale walitenganisha ndugu kama sisi: kaka wa mama alikuwa "eam", kaka wa baba "fædera", na dada wa mama aliitwa "modrige", neno lililozaliwa na neno la mama. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na kadiri karne zilivyopita maneno hayo yakafifia, yakabaki mawili ya kuwafunika wote. Lugha yao iliwahi kuwa na nafasi ya mama yako mdogo, ikaipoteza.

Kwa hiyo usitafute neno, tumia sentensi. Mwambie muuguzi, "She is my mother's younger sister. She raised me." Hapo uhusiano wa damu umeusema wazi, na malezi umeyasema wazi, na hakuna wa kukutazama vibaya. Usiseme "stepmother", maana huyo ni mke wa baba. Wala "foster mother" usiitumie kwenye fomu, kwa sababu huko ni mpango rasmi wa kulea mtoto kupitia serikali, na wataanza kukudai karatasi.

Kwenye fomu, mahali pa uhusiano, yeye anaandikwa "aunt" na wewe "nephew", au "niece" kama ni binti. Na ukiwa kitandani pake, mwite mama.