Uzamivu wa Fizikia Ulaya Ni Kazi, Uombe Kama Kazi

Juzi kijana mmoja wa Dodoma kaniandikia: "Shikamoo dada, nimemaliza uzamili wa fizikia, naomba linki ya skolashipu Ulaya."

Marahaba, mdogo wangu. Hilo neno skolashipu ndilo lililonipotezea miaka miwili. Nilikuwa nasubiri matangazo ya ufadhili kama mtu anayesubiri mgao. Kumbe Ujerumani, Austria na Uholanzi nafasi nyingi za uzamivu (PhD) kwenye fizikia ya majaribio ni ajira. Unasaini mkataba, unalipwa, unakatwa kodi na bima. Ujerumani wengi huwekwa ngazi ya E13 kwenye viwango vya mishahara ya umma, mara nyingi kwa sehemu tu ya mshahara kamili, lakini unaishi. Anayekuchagua ni kiongozi wa maabara mwenye fedha za mradi, na anatafuta mikono.

Nilikataliwa mara kumi na moja. Barua zangu zote zilianza na "Tangu utotoni nimeipenda fizikia." Mhadhiri mmoja niliyemwomba barua ya udhamini aliniambia maabara si mahali pangu, nikafundishe sekondari. Nimesamehe, ila bado linauma.

Barua ya kumi na mbili niliandika habari za osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo. Ilikuwa imekufa siku nyingi, imefunikwa kitambaa kwenye kona ya maabara yetu. Niliifungua, nikakuta kapasita mbili, vile vipande vidogo vya kutunza chaji, upande wa umeme zimevimba vichwa. Nikapanda daladala mpaka Kariakoo, nikanunua mpya, nikalehemu. Nilipowasha, mstari wa kijani ukatokea kwenye kioo, nikakaa nautazama tu. Aya moja hiyo, pamoja na programu ya kompyuta niliyoandika kwa lugha ya Python kusoma vipimo vyake. Kwenye usaili profesa aliniuliza juu ya kapasita zile kuliko alama zangu zote.

Sasa napoza molekuli, yaani napunguza mwendo wake, kwa leza ndani ya chumba cha ombwe kisicho na hewa, na naelewa kwa nini aliuliza. Atomu ni rahisi: inameza mwanga, inautoa, inarudi pale pale, leza inaipiga tena. Molekuli inatetema na kuzunguka, kwa hiyo ikitoa mwanga inaweza kuangukia hali ambayo leza ile haiioni tena. Lazima uweke leza nyingine ya kuirudisha, na nyingine tena. Kila leza ina vioo vyake, na kila kioo kinakusubiri wewe asubuhi ukinyooshe.

Kwa hiyo vijana, acheni kuomba kwa unyonge! Someni makala mbili za karibuni za maabara husika, kisha andikeni mlichotengeneza kwa mikono yenu. Tazameni shule za uzamivu za Max Planck, taasisi za utafiti za Ujerumani. Tazameni mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya: sharti lao ni usiwe umeishi nchi unayoombea zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyopita, na wewe wa Dodoma hapo hawakugusi. Marekani vyuo vingi hufunga maombi Desemba, na unaweza kuingia na shahada ya kwanza tu. Nadharia ikikupiga chenga, kuna diploma ya mwaka mmoja ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, na uzamili wa EAIFR, taasisi dada yake ya Afrika Mashariki pale Kigali.

Na wewe mdogo wangu, nitumie aya yako ya kwanza kabla ya Ijumaa. Ikianza na utotoni, nairudisha.