Jibu kwa aliyeuliza: wakazi wanakataa ujenzi kwenye kiwanja chenye sumu, Lubumbashi

Kaka, nimesoma swali lako. Tajiri wenu anataka kujenga maduka na nyumba za kupanga kwenye kiwanja cha zamani cha chakavu na mawe ya madini, upande ule upepo unakopeleka moshi wa kiwanda, na kila mkiitisha mkutano watu wanasema mtawaamshia sumu. Unataka njia ya kuwatuliza. Mimi nimefanya kazi ya kusimama kati ya mainjinia na watu wa kartie, yaani mtaa, kwenye mradi wa kusafisha udongo hapa hapa Lubumbashi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Achana na kutuliza. Hofu yao ina msingi. Shaba imeyeyushwa hapa tangu 1911, enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, na upepo wa kusini-mashariki umekuwa ukisukuma moshi kuelekea kaskazini-magharibi miaka yote hiyo. Kule kwenye kartie ya Penga Penga kuna ardhi iliyobaki uchi kabisa, mpaka watafiti wa kilimo wa Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) walipoanza kujaribu nyasi na miti kwa msaada wa chokaa na mbolea ya takataka. Mwaka 2009 ulitoka utafiti uliopima mikojo ya wakazi wa Katanga: walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viyeyushio walikuwa na kobalti, metali inayochimbwa pamoja na shaba, nyingi kupita kiasi. Sasa wewe usimame na projekta useme hakuna hatari? Mama mmoja tu atakuuliza kama mwanao anaweza kucheza pale, na mkutano umekwisha.

Swali lililotusumbua kuliko yote halikuwa la afya. Lilikuwa: huo udongo mtaupeleka wapi? Metali haiozi. Kabwe, hapo ng'ambo Zambia, mgodi ulifungwa 1994 na metali ya risasi (lead) bado imo ardhini. Kwa hiyo ukikwangua, umehamisha tu, na watu wanajua malori ya usiku huishia wapi: kwenye korongo la kartie nyingine, au kando ya mto. Sisi tuliaminika kidogo pale tu mkandarasi alipokubali vijana wawili waliochaguliwa na wakazi wapande lori na kushuhudia linapomwaga. Ripoti nzuri za kurasa nyingi hazikufanya kazi hiyo.

Muulize injinia wenu sumu ilifikaje pale. Iliyoletwa na moshi hukaa zaidi tabaka la juu, kwa hiyo kukwangua kunasaidia. Lakini kama kiwanja kilijazwa masalia ya kuyeyushia, inaweza kwenda chini sana, na hapo afadhali kufunika: kitambaa cha alama cha kuonyesha udongo mchafu unaanzia wapi, udongo safi juu yake, halafu lami au zege. Na huo udongo safi nao upimwe kabla haujaingia. Nimeona ukiletwa kutoka mahali pabaya kuliko kiwanja chenyewe!

Wakikwambia chokaa itamaliza yote, kuwa macho. Chokaa hupunguza asidi ya udongo, na shaba, zinki na kadimiamu vinashikwa, mimea haivinywi kirahisi. Aseniki, nayo ni sumu, tabia yake ni nyingine. Chokaa yaweza hata kuiachia itembee. Kabla ya kumwaga chokaa, soma majibu ya maabara ya aseniki.

Vumbi ndilo litakalowagusa jirani kwanza. Msichimbe Julai au Agosti, wakati wa ukavu, kama mnaweza kungoja. Mkilazimika, mwagieni maji mchana kutwa, malori yafunikwe turubai, matairi yaoshwe kabla ya kutoka getini. Akina mama wenye bustani za lengalenga (mchicha) pembeni waambiwe wazi kwamba kuosha majani kunaondoa vumbi tu. Kilichonywewa na mzizi hakiondoki. Kama bustani zao zitafungwa msimu mmoja, walipwe kabla ya tingatinga kuingia.

Kuna jambo hamtalisikia mkutanini. Wengi pale wana karatasi ya shefu tu, hawana hati ya ardhi. Wakisikia "ardhi yenu ina sumu" wanasikia "mtahamishwa". Sisi tulikaa muda mrefu tukieleza miligramu za sumu kwa watu waliokuwa wanawaza parseli zao, yaani viwanja vyao. Mwambie tajiri aandike mpaka wa mradi unaishia wapi, atie sahihi mbele ya shefu wa kartie na wazee, nakala ibandikwe ukutani. Baada ya hapo ndipo mzungumzie udongo.

Kisheria, sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 inadai utafiti wa athari kabla ya mradi wa namna hii, na wananchi wasikilizwe. Kama tajiri anasema karatasi zitafuata baadaye, wewe usiwe uso wake kwenye mikutano.

Kuhusu kisima ulichosema kimo ndani ya kiwanja: kifungeni leo, msingoje maabara. Na mkipata majibu ya vipimo, yaweke hapa bila majina, tuyasome pamoja.